Kiti Nyuma ya Goli

Mwanangu, kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka, sauti yake hutangulia kabla sijaona kitu. Ni sauti ndogo ya shaba ikigongwa. Ting. Na wewe uliisikia juzi, ulipopanda juu ya kiti ukaipiga kwa kidole ile jetoni ya shaba iliyo kwenye msumari karibu na mlango wangu. Ukacheka. Ukaniambia mimi babu yako, "Kambo, unipe hii kintu nitundike mu goli. Mupira ukiigonga italia, nitajua nimepata." Mi nikakataa. Sikukupa sababu, na wewe ukaondoka umenuna. Mama yako akaniambia hata sahani ya bukari hukugusa.

Sababu ipo. Nakuandikia kwa kuwa tukikaa pamoja simu yako inalia kila mara, na maneno haya hayapendi kukatwa. Usiangalie makosa ya maandishi. Shule niliiacha mapema, mwalimu wetu alikuwa na fimbo ndefu na mi nilikuwa na miguu mirefu. Lakini mpira niliusoma mpaka mwisho, na aliyenisomesha alikuwa Tata Monga, antrenere wetu, mwalimu wa timu hapa Musonoi.

Najua una mtihani wako mwezi ujao. Watu wa timu kubwa watakuja kuangalia vijana wanaojua kupiga mpira, na wewe unataka wakuchukue. Nimeona vifaa vyako. Ule wavu wenye matundu kwenye pembe, aliokutumia mjomba wako kutoka Lubumbashi. Vile vikofia vya plastiki vya rangi ya machungwa. Ile kamba ya mpira unayojifunga kiunoni, ambayo jirani aliniuliza kama umeanza kuchunga mbuzi. Ni vitu vizuri, sivicheki. Na sisi tulikuwa na vyetu, ila vya kwetu vilitoka kwenye takataka za kampuni ya mgodi.

Tata Monga alifanya kazi mgodini, chini kabisa. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo zinazozuia mwamba usiwaangukie watu, na nadhani ndiyo sababu hakuwa na haraka na kitu chochote. Hata akila muhogo alikuwa anautazama kwanza. Akitoka kazini anaoga, anakunywa munkoyo kidogo, anakuja uwanjani akiburuta kitu alichookota. Siku moja gurudumu chakavu, siku nyingine pipa lenye kutu.

Gurudumu alilifunga kwa waya, likaning'inia kwenye pembe ya juu ya goli, na mpira ulitakiwa upite katikati yake. Mwanzoni lilikuwa la lori. Tulipolizoea akaleta la gari dogo. Tulipolizoea na lile, akaleta la pikipiki, na tukaanza kulalamika. Mapipa aliyapanga mstari mbele yetu, ndiyo watu wa timu nyingine wanaozuia, na kila pipa tulilipa jina la mchezaji tuliyemchukia. Halafu tofali. Tofali lilikaa kando ya mpira, mahali ambapo mguu unaosimama haupaswi kukanyaga. Ukikaribia vibaya unajigonga kifundo, unaruka kwa mguu mmoja, wenzako wanakucheka, na kesho yake hukosei tena. Alikuwa anatuambia, "Mupira inafuata muguu yenye kusimama, haiko ile yenye kupiga." Mpaka leo nikikuangalia unapiga, mi natazama mguu wako wa kushoto, ule ambao hakuna mtu anaupigia makofi.

Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa cha mdomo, na nitakueleza kilivyoanza.

Nyuma ya goli letu, upande wa kule ambako sasa wameweka kituo cha pikipiki za abiria, palikuwa na njia. Akina mama waliipita kila jioni wakitoka kusaga mahindi, beseni la unga kichwani. Siku moja mpira wa mmoja wetu ulipanda juu ya goli ukaenda kumpata Mama Kabange shingoni. Mama Kabange alikuwa mke wa Tata Kasongo, ambaye alifanya kazi mgodini pamoja na Tata Monga na baba yangu. Beseni likaanguka. Unga wote ukamwagika kwenye udongo mwekundu. Yule mama hakututukana. Alisimama tu anauangalia unga wake, mkono shingoni, kama mtu aliyeitwa jina akasahau kaitwa na nani.

Tata Monga alisimamisha mazoezi. Kila mmoja akatumwa kwao kuleta unga, mpaka beseni likajaa tena, na mimi nikapigwa nyumbani kwa sababu unga niliochukua ulikuwa wa wageni wa mama kutoka Lubudi. Wale wageni waliletwa na treni ya mchana, njaa inawauma, na mama hana cha kusonga. Lakini hayo ni mengine.

Tangu siku ile ikawa sheria. Kabla ya kupiga mpira, lazima useme kwa sauti unaona nini nyuma ya goli. Kama njia ni tupu unasema, "Nyuma hakuna muntu." Kama kuna mtu unasema, "Nyuma iko mama na beseni," au "Nyuma iko batoto babili," halafu unangoja wapite. Ukipiga bila kusema, unakaa chini mpaka mazoezi yaishe. Mwanzoni tulikuwa tunaangalia kweli. Baadaye, unajua vijana, tukawa tunayasema yale maneno kama watu wanaojibu misa huku mawazo yako kwenye chakula.

Sasa nikueleze jetoni, maana naona wewe unaidhani ni pambo.

Kila mtu aliyefanya kazi chini alikuwa na kipande chake cha shaba ya manjano, kimechongwa namba, na tundu la kutundikia. Mlangoni mwa mgodi palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, kila msumari na namba yake. Ukishuka, unatoa jetoni yako ubaoni, unaivaa. Ukipanda, unairudisha. Basi mtu yeyote akiutazama ule ubao anajua nani bado yuko chini. Msumari mtupu ni mtu aliye ndani ya ardhi. Hapakuwa na mtoto Musonoi asiyejua hilo. Wake za watu walikuwa wakipita pale wakienda na kurudi sokoni, wanageuza macho kidogo tu kwenye ubao, wanaendelea na safari.

Na baba yangu, Tata Ilunga, hakutaka mimi niwe na msumari wangu pale. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwake. Wakati ule mtu akichukuliwa na timu kubwa alipewa pia kazi ya juu, ya mchana, kwenye garaji au magazini, ghala la kampuni, mahali ambapo jua linamwona. Baba aliwahi kuniambia, tukiwa tunamenya karanga, kwamba yeye anajua giza la aina nyingi na hakuna hata moja angependa kunirithisha. Kwa hiyo aliposikia kwamba Jumapili watu wa timu kubwa watakuja kutuangalia, na kwamba wanatafuta mpiga mipira ya adhabu, alipoteza usingizi kuliko mimi.

Ijumaa ile aliahidi kuja kuniona nikifanya mazoezi. Tata Monga angechelewa, alikuwa na kazi ya mwisho chini. Baba alipanda na lifti ya kwanza ya watu wa asubuhi. Pale kwenye ubao palikuwa na msongamano, watu wanasukumana kama kwenye mgao wa unga, na yeye aliona muda unakwisha. Akaitia jetoni mfukoni. Akajiambia atarudi kuitundika jioni, ni karibu tu. Akaja mbio na nguo za kazi, alama ya kofia bado iko kwenye paji la uso.

Alinikuta peke yangu na mipira yangu miwili, mmoja wa ngozi na mmoja ambao ulikuwa zaidi viraka. Akanitazama nikipiga. Mpira ukapita ndani ya gurudumu la pikipiki, na wa pili ukapita. Baba akasema, "Hii sasa ni kubwa kwako." Akapapasa mfukoni kutafuta tumbaku, akaigusa jetoni, akaitoa. "Kumbe nimebeba hii," akasema, akacheka. Akalishusha gurudumu, akakaza waya kwenye tundu la jetoni, akaitundika pale kwenye pembe. Ikang'aa. Ilikuwa ndogo kuliko kiganja cha mtoto.

"Ukiweza kugonga hii," akaniambia, "Jumapili watakubeba kwa mabega."

Nilisimama. Nikaweka mguu wa kushoto mahali pake, bila kugusa tofali. Nikasema maneno yetu, "Nyuma hakuna muntu." Nikapiga, nikakosa. Nikasema tena, nikapiga, nikakosa. Sijui nilirudia kiasi gani. Halafu ikalia. Ting. Baba akapiga makofi peke yake katika uwanja wote, na mi sijawahi kusikia makofi makubwa kuliko yale. Nikaigonga tena. Kila nilipopiga nilisema, "Nyuma hakuna muntu," na kila ilipolia baba alijipiga paja na kusema ndivyo hasa, "Njo vile, mwana yangu. Njo vile."

Ndipo sirena ya mgodi ikalia.

Sirena ya kubadilisha watu ilikuwa fupi, tulikuwa hatuisikii tena, kama usivyosikia jogoo wa kwenu. Ile haikuwa fupi. Iliendelea na kuendelea. Ukiwa mtoto wa Musonoi, sirena ile inakuingia miguuni kabla ya masikio. Baba akageuka kuelekea mgodini. Akasema kuna mtu amepatwa, twende. Tukakimbia kuelekea mlango wa mgodi, tukaacha mipira, tukaacha na jetoni ikiyumba kwenye waya.

Watu walikuwa wameshajaa. Mwamba ulikuwa umeanguka chini, kwenye njia ile ile ambako kundi la baba lilikuwa linafanya kazi asubuhi. Niliona wanawake wamezunguka mtu aliyeketi chini, na mmoja wao ameshaanza kile kilio ambacho hakianzi mpaka watu wawe na hakika. Baba akamshika mkono mzee mmoja aliyekuwa amempa mgongo, akamuuliza ni nani amebaki chini.

Yule mzee akageuka. Akamtazama baba, akarudi nyuma hatua moja.

"Ilunga, ni weye?"

"Ni mi. Nani amebaki chini?"

"Ni weye njo umebaki chini," mzee akasema.

Mwanangu, mi nilikuwa pale. Niliona watu wanafunguka njia mbele ya baba yangu kama maji, hakuna aliyetaka aguswe naye. Na yule aliyeketi chini, aliyezungukwa, alikuwa mama yangu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimetoka, nywele zina vumbi. Alimwona mume wake amesimama, na hakufurahi mara moja. Alimwangalia kwa woga. Ikabidi baba apige magoti, amshike uso kwa mikono miwili, amwambie maneno ambayo mi sikuyasikia.

Mtu wa ubao akaja. Akauliza jetoni iko wapi. Baba akatia mkono mfukoni, kisha mfuko wa pili, kisha akabaki na mkono ndani ya mfuko. Nikamwona anakumbuka. Uso wake ulibadilika kama nyumba ambayo taa imezimwa ndani.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Tata Monga alikuwa ameshapanda na kuitundika jetoni yake, na Tata Kasongo pia. Mwamba ukaanguka. Watu wakautazama ubao, msumari mmoja ni mtupu, namba ni ya Ilunga. Tata Monga hakuuliza mara mbili. Akaichomoa jetoni yake tena ubaoni, Tata Kasongo akaichomoa yake, wakashuka na wengine kumtafuta. Simu ya chini ilikuwa inapigwa ili waambiwe warudi, lakini hakuna aliyejibu. Walikuwa wameshaipita, wako ndani zaidi, wanaita jina la baba gizani na kusikiliza kama kuna anayegonga jiwe.

Baba akataka kushuka awafuate. Wakamzuia. Mtu wa ubao akamwambia, "Bila jetoni haushuke." Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa sheria, na siku ile ndiyo tulielewa inatoka wapi. Baba akanigeukia. Nikakimbia uwanjani kuifuata.

Nilipanda mti wa goli. Baba alikuwa ameukaza waya vizuri sana, alikuwa mtu wa kufanya kitu vizuri. Waya ukanichana vidole, na kila nilipovuta ile jetoni ilikuwa inagonga mti wa goli na kulia. Ting. Ting. Dakika chache kabla ya hapo niliipenda sauti ile kuliko wimbo wowote. Kule juu ya goli niliiomba inyamaze.

Niliporudi nayo, hawakumruhusu baba hata hivyo. Mwamba ulikuwa umeanguka mara ya pili.

Nisikuzungushe, mwanangu. Walitoka jua likiwa linazama upande wa vilima vya Kingamyambo. Tata Monga alitangulia, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nyuma yake walimbeba Tata Kasongo juu ya ubao. Alikuwa hai, anaongea, anaomba maji. Lakini mguu wake wa kushoto walikuwa wameufunga kwa shati, na shati lile halikuwa na umbo la mguu. Mama Kabange alipita katikati ya watu, akatembea kando ya ule ubao mpaka kwenye gari la hospitali, ameushika mkono wa mumewe. Alipompita baba aligeuza macho kidogo tu, kama walivyokuwa wakigeuza kwenye ubao wa jetoni.

Tata Monga akasimama mbele ya baba. Wakaangaliana.

"Uko muzima," akasema.

"Niko muzima."

"Asante kwa Mungu." Alimaanisha. Nililisikia hilo, alimaanisha kabisa, na ndilo lililomvunja baba, akaketi chini. Ndipo Tata Monga akaniona mimi na kile nilichoshika. Akanyoosha mkono, nikampa. Jetoni ilikuwa na matope ya mpira. Akaniuliza ilikuwa wapi.

"Mu goli, Tata."

"Inafanya nini mu goli?"

Nikamwambia tulikuwa tunailenga. Alikuwa anaisafisha kwa kidole gumba, ingawa kidole chake kilikuwa kichafu kuliko jetoni. Halafu akaniuliza, polepole, kama alivyouliza kila siku uwanjani:

"Na mbele ya kupiga, ulisema nini?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi katika maisha haya. Askari wameniuliza, padri ameniuliza, bibi yako ameniuliza. Hakuna lililonilemea kama lile.

"Nilisema nyuma hakuna muntu."

Hakunipiga. Hakunitukana, wala hakumtukana baba. Alikwenda kwenye ubao. Akatundika jetoni yake. Akatundika ya Tata Kasongo, aliyoitoa shingoni mwake kule chini. Mwisho akatundika ya baba. Ting, ting, ting. Akasema, akiutazama ubao, "Sasa bantu bote batoka." Akaenda nyumbani.

Jumapili sikucheza. Watu wa timu kubwa walikuja, wakaondoka na kijana mwingine, mzuri tu, na baadaye na mi nikashuka mgodini nikapewa msumari wangu. Usinionee huruma kwa hilo, nililea watu kwa kazi ile, na mama yako ni mmoja wao. Kampuni ilimwadhibu baba, na adhabu aliipokea kama mtu aliyekuwa anaingoja. Mguu wa Tata Kasongo waliukata hospitalini.

Tata Kasongo aliporudi kwake, baba alikwenda kumwona. Alinichukua na mimi. Alikaa mbele ya Mama Kabange, mikono magotini, akajaribu kusema, akashindwa. Akajaribu tena. Mwisho akamwambia hana neno la kumwambia. Mama Kabange alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa.

"Kama hauna neno," akasema, "beba kiti. Tata yenu hapa ananisumbua kutwa, anataka kuona mupira."

Baba akabeba kiti. Mi nikampa Tata Kasongo bega langu, tukaenda uwanjani taratibu. Tulidhani atataka kukaa pembeni, kwenye kivuli, mahali wazee wanakaa kutuambia tunacheza vibaya. Yeye akaonyesha kwa fimbo yake nyuma ya goli. Tata Monga akamwambia kule ni hatari, mipira inapita. Tata Kasongo akajibu, "Uniweke kule kule. Batoto bajifunze kupiga mupira wakijua kule iko muntu."

Akakaa. Mguu mmoja umenyooshwa, suruali ya upande wa pili imekunjwa na kubanwa na pini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Tata Monga akaniita mimi. Nikasimama mbele ya mpira, nikatazama gurudumu, nikatazama chini yake, mbali kidogo, nikamwona ananitazama. Nikasema, na safari hii sikuwa najibu misa, "Nyuma iko Tata Kasongo."

"Niko," akaitikia. "Piga."

Nilipiga. Uligonga mti wa goli, ukarudi. Yeye akacheka, akasema mke wake anatupa fagio vizuri kuliko mimi. Nikapiga tena.

Alikaa pale misimu mingi, mwanangu. Baba alikibeba kile kiti kila jioni, kwenda na kurudi, mpaka yeye mwenyewe akawa mzee wa kuhitaji kiti, na hata hapo alikataa mtu mwingine akibebe. Na nitakuambia kitu ambacho Tata Monga mwenyewe alikikubali, mtu ambaye hakukubali mambo upesi. Timu yetu haikuwahi kupiga mpira kwa usahihi kama miaka ile. Gurudumu la lori, la gari, la pikipiki, mapipa, tofali, vyote vilisaidia. Lakini mtu mmoja kwenye kiti alitunyoosha miguu kuliko vyote. Ulikuwa huwezi kupiga ovyo. Mwili ulikataa.

Kazi ya kampuni ilipokufa, ule ubao ukaachwa kwenye mvua. Baba alikwenda akaichukua jetoni yake kabla wauza vyuma hawajafika. Aliitundika mlangoni kwake, na alipokufa nikaitundika kwangu. Haijawahi kutoka kwenye msumari tena. Msumari huo ukiwa na kitu, maana yake watu wa nyumba hii wametoka chini salama. Ndiyo sababu nilikukatalia.

Na hapa nina neno jingine, maana usidhani nazungumza mpira peke yake. Nawaona rafiki zako wanashuka kuchimba kwenye mashimo ya siku hizi na tochi ya kichwani na kamba. Hakuna ubao. Hakuna msumari. Mtu anashuka asubuhi, na aliye juu hajui wako wangapi chini. Na wewe nimekuona ukirudi siku ile na vumbi la kule kwenye viatu, ukasema ulikuwa unatembea. Sikukuuliza. Sasa nakuambia. Kama kuna siku utaenda, uniambie uso kwa uso, nikuzuie kama nitaweza. Kama sitaweza, angalau nijue ninamngoja nani. Na ukitoka, uje kwanza hapa mlangoni, hata kama una haraka, hata kama kuna mtu unayempenda anakungoja mahali pengine. Baba yangu alichelewesha kitu kidogo kwa sababu ya mapenzi, hakikuwa kiburi wala ulevi. Mguu wa mtu ukaenda na mapenzi yale.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unapolenga kitu, shule, kazi, mke, nafasi katika timu hiyo, usikitazame chenyewe peke yake mpaka macho yakuume. Tazama na nyuma yake. Uliza nani amesimama kule, nani atapatwa ukikosa, na nani atapatwa hata ukipata, maana siku ile mimi sikukosa, niligonga sawasawa. Hata kama shabaha amekutundikia baba yako mwenyewe na anakupigia makofi, uliza imetoka wapi. Kuuliza si kumvunjia heshima. Baba angelinishukuru.

Wavu wa mjomba wako uendelee kuutumia. Nimekutafutia na gurudumu la pikipiki, liko nyuma ya jiko, nililisafisha mwenyewe. Tofali unalijua. Kilichobaki ni kiti, na kiti ni kile kile, nimekikaza miguu. Kesho jioni uje ukibebe, na unipe bega, tutaenda taratibu. Utaniweka nyuma ya goli. Unitaje kwa sauti kabla ya kupiga, masikio yangu si kama zamani, na mi nitakuitikia.

Mungu aliyewatoa Tata Monga na wenzake chini ya ardhi aisimike miguu yako, ule unaopiga na ule unaosimama. Akupe macho yanayofika mbali kuliko goli. Ukitoka asubuhi akuhesabu, na jioni akurudishe ukiwa mzima kwa wote wanaokungoja.